Pepopunda Iliponifunga Kinywa

Ilianza Jumanne, saa nane na dakika ishirini mchana. Saa naijua kwa sababu Wani alitazama simu yake akapiga kelele, "Saa nane na ishirini, na plastiki bado haijapanda! Mvua itatukuta hapa!" Mimi nikarudi nyuma haraka nikivuta kona ya ile plastiki, na nikakanyaga msumari.

Lakini ngoja kwanza niseme nilikuwa nani.

Jina langu ni Poni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alinizaa akiwa njiani, anakimbilia Kenya, na nilisoma Kitale mpaka kidato cha pili. Ndiyo maana Kiswahili changu kiko hivi. Tuliporudi Juba tulikaa mtaa wa Malakia, chumba kimoja nyuma ya duka ambamo mama anashona nguo. Sikuwahi kulazwa hospitali. Malaria tu, kama kila mtu.

Na mimi ni mtu wa aibu. Simaanishi aibu kidogo. Mwalimu akitaja jina langu natoka jasho mgongoni. Nikitumwa chumvi nikakuta watu wamejaa dukani, narudi nyumbani na kumwambia mama chumvi imeisha. Mambo yangu yote naliambia daftari.

Vita vilipotufikia, watu walianza kulala kwenye veranda za maduka ya Malakia. Wengine nyumba zao zilichomwa, wengine walifika kwa miguu kutoka mbali wakiwa na sufuria moja na watoto. Kanisani kwetu vijana wakaanzisha kikundi cha kuwasaidia. Tulichota maji, tulifunga plastiki dhidi ya mvua, na mkubwa wetu, Wani, alikuwa akizunguka ofisini kuwaombea mahali pa kukaa. Wani alikulia Arua, Uganda. Anaongea sana, na kwa mikono yote miwili. Nilijiunga kwa sababu alitangaza kwamba anatafuta mtu wa kuandika, si wa kusema. Nikaandika. Kwenye veranda moja ndefu, mbele ya duka ambalo mwenyewe alikuwa ameshakimbia, kulikuwa na familia kumi na moja. Niliandika jina la kila mtu, ametoka wapi, nani ana kikohozi, nani ananyonyesha.

Mama hakutaka. Alisema, "Unaenda kubeba shida za watu. Za kwetu umezimaliza?" Kwa hiyo nilikuwa namdanganya. Nilimwambia nina masomo ya ziada alasiri.

Sasa turudi kwa msumari. Kwanza sikusikia maumivu. Nilisikia tu kwamba mguu umebaki nyuma. Nilipouinua, ubao mzima ulikuja nao. Msumari ulikuwa wa kutu, umepita kwenye ndara yangu ya bluu na kuingia chini ya kidole gumba.

"Aa, biniya!" alisema Haboba Keji. Biniya ni msichana, na haboba ndivyo tunavyomwita bibi hapa Juba. Ile plastiki ilikuwa yake. Alikuwa analala pale na wajukuu watatu. Alikanyaga ubao kwa mguu wake mmoja, akashika kifundo changu, akavuta. Damu ilitoka kidogo tu, nyeusi.

Wani akavua kiatu chake, akaanza kupiga kidonda kwa kisigino. "Kwetu Arua tunafanyaga hivi. Damu mubaya itoke." Halafu akamwagia oili ya pikipiki na kupaka majivu juu. "Kalas, imeisha! Kesho wewe iko unacheza mpira."

"Osha na sabuni," alisema Haboba Keji. "Peleka yeye kwa daktari, apigwe sindano."

"Haboba, hii ni msumari. Si risasi."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Mwaka ule mtu akisema ameumia, kila mtu alikuwa anatafuta tundu la risasi. Msumari ulikuwa kitu cha aibu kupeleka hospitali. Na nilijua kliniki wataandika jina langu, na mama ana wateja kule, na jioni atajua. Nikasema, "Si kitu, Haboba." Maneno matatu. Ndiyo kosa langu kubwa maishani hadi leo.

Nyumbani nilivaa soksi. Siku ya tatu kidonda kilifunga, safi kabisa. Hicho ndicho kilichonidanganya. Kidonda kilifunga mlango, na adui alikuwa ameshalala ndani.

Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba veranda zote zisafishwe, watu watolewe, maduka yanataka kufunguliwa. Wani akapata nafasi ya kuonana na mkubwa wa ofisi inayohusika, Jumatano saa nne asubuhi. Akaja kwangu.

"Wewe ndiyo utasema."

"Ulisema kuandika tu."

"Mimi nikisema, watasema ni siasa. Wewe iko mtoto wa shule. Soma majina, halafu sema kitu moja: wasitolewe kabla ya kupewa mahali. Moja tu! Hata kasuku anaweza."

Nilifanya mazoezi nikiosha vyombo. Wasitolewe kabla ya kupewa mahali. Jioni ile niliomba hivi, na naandika kama nilivyoomba, kwa sababu nimeahidi kuandika ukweli: "Mungu, fanya chochote, chochote kabisa, lakini kesho nisiseme."

Asubuhi mandazi hayakuingia kinywani. Taya lilikuwa gumu, kama mtu ameshika kidevu changu kwa chini. Nilikata vipande vidogo nikavisukuma na chai. Shingo pia ilikuwa nzito. Nikasema ni woga. Woga wangu naujua, una njia nyingi.

Ofisini tulisimama. Wani, mimi, Haboba Keji na akina mama wawili kutoka veranda. Feni ilikuwa haizunguki. Yule mkubwa alikuwa anafungua barua kwa rula. Akasema bila kuinua kichwa, "Haya, binti. Nasikiliza."

Nilitaka kufungua mdomo. Haukufunguka.

Meno yalikuwa yamekutana na hayakutaka kuachana. Nilijaribu tena. Ikatoka sauti ya puani, kama ng'ombe mbali. Mtu nyuma akacheka. Wani akaninong'oneza, "Poni, sema! Wewe nakaa kimya namna gani? Si tulifanya mazoezi?"

"Mmeniletea bubu?" alisema mkubwa. Kisha akanitazama usoni na akakasirika. "Anacheka. Ananicheka mimi?"

Sikuwa nacheka. Nilisikia midomo yangu inavutwa pembeni yenyewe na nyusi zinapanda. Nilitaka kulia, na uso ulikuwa unafanya kitu kingine.

Haboba Keji alipita mbele ya watu wote, akasimama kati yangu na meza. "Malesh, samahani, mkubwa. Huyu mutoto hacheki." Akanishika mashavu. Mikono yake ilinuka moshi. Akajaribu kupitisha kidole kati ya meno yangu, kikakataa. "Mguu ya msumari ni gani?"

Nilionyesha.

"Ndugu yangu ilikufa hivi, Adjumani, kule Uganda, tukiwa wakimbizi. Alicheka siku mbili. Halafu akakunjika." Akamgeukia Wani. "Wewe na oili yako! Tafuta raksha! Yala!"

Tulibanana watatu kwenye ile bajaji. Kila shimo la barabara lilinipiga shingoni kama fimbo. Niliwaza jambo moja tu: Mungu amejibu. Nimeomba nisiseme, na amenifunga.

Daktari alikuwa mwanamume mwembamba mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisukuma kijiti cha mbao pembeni ya meno, akagusa koo. Mtu asiye mgonjwa angetapika. Mimi niliuma kile kijiti mpaka kikavunjika, na sikutaka. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu.

Mama aliitwa, akafika akiwa na utepe wa kupimia bado shingoni.

"Mama, huyu alichanjwa utotoni?"

"Alizaliwa njiani, daktari. Njiani nani anachanja?"

"Na msumari ulimchoma lini?"

"Msumari gani?"

Mama alimtazama Wani, akamtazama Haboba Keji na nguo zake za veranda, kisha mimi. "Masomo ya ziada," alisema. Basi. Afadhali angenipiga kofi.

Daktari alituambia wazi. "Ni pepopunda. Sumu imeshashika mishipa ya fahamu. Ile iliyoshika siwezi kuitoa. Naweza kuzuia iliyobaki, nimlaze, nimlegeze misuli, tungoje. Wengine wanapona, wengine hawaponi. Ninachoogopa ni kifua. Mkazo ukikaa kifuani, hatapumua."

Dawa ya kuzima ile sumu haikuwepo. Daktari aliandika barua, na Wani akaenda nayo kwa miguu mpaka Thongpiny, kwenye ofisi za watu wa misaada karibu na uwanja wa ndege, kwa sababu mchana ule barabara zilikuwa zimefungwa, magari hayapiti. Alirudi jioni amekumbatia kisanduku cha barafu kama mtoto mchanga. Alikuwa amesimamishwa na wanajeshi mara mbili na kila mara alifungua kisanduku na kuomba wafunge haraka. Hospitalini walipofungua kidonda upya walitoa ndani yake kipande cha ndara, bluu, kidogo kama punje ya mchele.

Kisha zikaja siku ambazo sijui kuzieleza vizuri. Watu hufikiri mgonjwa wa pepopunda amepoteza fahamu. Hapana. Nilikuwepo kila dakika. Chumba kilitiwa giza, mama alitundika lawa yake dirishani, ile shuka tunayojifunga begani. Sauti yoyote ilikuwa kisu. Kijiko kikianguka, mgongo wangu unajikunja juu kama upinde, nabaki nimegusa godoro kwa kisogo na visigino tu. Ngumi zinafunga. Ulimi niliuuma mara mbili, damu ikajaa na sikuweza kutema. Mkazo ukiisha, natulia, natoka jasho mpaka shuka inakamuliwa, na nangoja mwingine. Kungoja kulikuwa kubaya kuliko mkazo. Nilisikiliza miguu ya watu barabarani nikiwaza ni nani ataangusha kitu. Nzi akitua usoni, nilimwogopa.

Walinilisha kwa mpira uliopita puani. Walinitia mwingine wa mkojo. Mimi niliyekuwa naoga nikiwa nimefunga mlango mara mbili, nililala wazi mbele ya watu nisiowajua, na sikuweza hata kusema, "Nifunikeni." Muuguzi mmoja mzee alijua. Alinifunika kila mara kabla sijalia.

Mlangoni alikaa Haboba Keji. Siku ya kwanza mama alimfukuza. Nilimsikia. "Watu wako wa veranda ndio wameniulia mtoto. Nenda!"

"Naenda wapi, mama? Mimi sina kwangu," alisema Haboba Keji kwa sauti ya chini sana. "Hapa ama pale, ni chini tu. Hapa angalau nafanya kazi." Na akakaa. Kila aliyepita alimnyooshea fimbo: vua viatu, usikohoe, weka ndoo polepole. Hata daktari alivua viatu. Siku ya tatu mama alimpelekea sahani ya asida, ugali wa kwetu, na bamia. Hawakuongea. Lakini nilisikia kijiko kimoja, kisha cha pili, kwa hiyo walikula pamoja.

Siku ya tano, saa kumi na moja jioni, risasi zililia mjini.

Zilianza mbali. Kila mlio ulinikunja. Kisha zikaja karibu, mfululizo, na mwili wangu haukupata nafasi ya kushuka. Mama alinilalia, akanifunga masikio kwa kitambaa chake cha kichwa na viganja vyake. Nilisikia moyo wake ukienda mbio juu ya wangu. Halafu kifua kikafunga. Ni kama mtu amekaa juu yake na amekataa kuondoka. Niliona uso wa mama, niliona mdomo wake unasema "Vuta, vuta, mwanangu, vuta," na hakuna hewa iliyoingia. Niliwaza kwa utulivu wa ajabu: sikumwomba msamaha. Nitakufa na lile neno liko nyuma ya meno.

Daktari aliingia anatambaa, maana madirisha yalikuwa yanatikisika. Alinichoma dawa, akaniwekea kifuniko usoni na kuanza kukamua mfuko wa hewa. Sijui ni muda gani. Mama anasema muda wa kumenya kiazi kimoja. Kwangu ulikuwa mrefu kuliko safari ya Kitale. Kisha kifua kikaachia. Hewa iliingia ikiwa na harufu ya dettol na jasho la mama, na sijawahi kuonja kitu kitamu namna ile.

Kutoka hapo ugonjwa ulianza kurudi nyuma, lakini kwa kusitasita, kama mgeni anayeaga na kukaa tena. Muuguzi alipima taya langu kwa vidole. Wiki ya pili hakikuingia hata kidole kimoja. Wiki ya tatu, kimoja. Nikanywa uji kwa mrija. Neno la kwanza nililomwambia mama lilikuwa "samahani," na lilitoka vibaya, kama la mlevi. Mama akasema, "Sijasikia." Nikarudia. "Bado sijasikia." Nikarudia mara ya tatu, na nikaona anacheka na kulia, mwongo mkubwa, alikuwa amesikia tangu mwanzo.

Nilijifunza kutembea nikishika ukuta. Miguu ilikuwa kama ya ndama. Nilimwambia Wani ile sala yangu, ya kuomba nisiseme, kwa sababu ilikuwa inanila. Akasema, "Poni, kama Mungu ingekuwa inatumia pepopunda kufunga mdomo, mimi ningekufa zamani." Nilicheka mpaka taya likauma. Akaniomba msamaha wa ile oili. Nikamwambia kosa lilikuwa letu wawili.

Halafu akaniambia habari ya veranda. Yule mkubwa, baada ya kuniona natolewa ofisini nimebebwa, aliwapa watu mpaka mwisho wa mwezi. Baadhi ya watu walikuwa wamesikia kwamba kuna nafasi Mangateen, kwenye kambi, lakini hakuna aliyewaandikia kibali, na bila kibali walirudishwa getini. Mwisho wa mwezi ulikuwa Ijumaa. Mimi niliruhusiwa kwenda nyumbani Jumatano.

Sasa wewe unayesoma, sikiliza kabla sijamaliza. Msumari ni msumari, hata wakati wa risasi. Ukichomwa, osha kwa maji mengi na sabuni, na uende siku ileile upigwe sindano. Usiweke oili, wala majivu, wala mavi ya mbuzi, wala usikubali kisigino cha rafiki. Kidonda kikifunga haraka, usikiamini. Na mama uliyejifungua njiani, au msituni, au kambini, usione haya kusema kadi ya chanjo haipo. Mpeleke mtoto, waanze upya. Na jambo ambalo hata mimi sikulijua: ukipona pepopunda, hujakingwa. Mwili haukumbuki. Lazima uchanjwe kama mtu ambaye hajaugua kamwe. Mimi nimepata ya kwanza, na zilizobaki nitazifuata.

Namshukuru Mungu, ambaye sasa namwomba kwa uangalifu zaidi. Namshukuru daktari na yule muuguzi mzee, na Wani kwa miguu yake. Namshukuru mama. Na namshukuru Haboba Keji, ambaye watu walidhani nilikwenda kumsaidia.

Jumatano ile ile jioni nilimwambia mama, "Kesho naenda ofisini."

"Huendi. Mdomo wako unafunguka vidole viwili."

"Vinatosha."

"Poni, nilikushika umekufa. Mikono hii." Alizima taa ya cherehani na kunigeuzia mgongo. Sikuwahi kubishana na mama. Nililala nimekakamaa, nikipima taya kwa vidole kila mara, kama litafungwa tena.

Asubuhi sare yangu ya shule haikuwepo msumarini. Mama alikuwa ameamka mapema. Alikuwa nayo kwenye cherehani, anaipunguza pande zote mbili, kwa sababu nilikuwa nimekonda na ingenining'inia. Hakuniangalia. Alikata uzi kwa meno, akaipiga pasi, akaniambia, "Inua mikono." Akanivika kama mtoto. Kisha akafunga duka, akachukua lawa yake, akatoka mbele yangu.

Ofisini karani alituambia mkubwa hajafika. Alinitazama nilivyokuwa nasema polepole, akanihurumia, akasukuma karatasi na kalamu mezani. "Andika tu shida yako, dada. Nitampa."

Niliitazama ile kalamu. Ningeweza kuandika yote kwa dakika tano, vizuri kabisa, na nirudi nyumbani bila jasho. Nikairudisha.

"Nitamngoja," nilisema.

Tulikaa kwenye benchi. Mama alishona kifungo cha mtu. Mimi sikuweza kukaa, nilisimama, nikakaa, nikasimama. Mkubwa alifika saa tano. Alinitambua, nikaona anaangalia mdomo wangu kwanza.

Sikungoja aniambie, "Haya, binti." "Wako familia kumi na moja," nilisema. Maneno yalitoka bapa, yamebanwa, na mate yalinitoka pembeni, nikafuta kwa mkono. "Wasitolewe kabla ya kupewa mahali. Waandikiwe kibali cha Mangateen. Wa kwanza ni Keji, na wajukuu watatu. Wa pili..."

"Ngoja, ngoja," alisema, akipapasa mezani chini ya barua zake akitafuta kitu cha kuandikia. "Polepole. Nirudie huyo wa kwanza."

Nikarudia.